Shule au dukani? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu elimu, uzoefu wa kazi na biashara

Nina stashahada ya uhasibu, kuku 300 walionifilisi, na miaka sita ya kuuza vifaa vya ujenzi kwenye duka la mtu Kariakoo. Sasa nina duka langu Chanika, kule ambako nyumba nyingi bado ziko kwenye lenta. Jioni nawasaidia wafanyabiashara wengine kufunga hesabu zao. Maswali haya yananifuata kaunta, kwenye vikao vya VICOBA, hata msibani. Ninayoyajua kwa undani nimeyajibu kwa kirefu, mengine nimeyapitia haraka.

Kati ya elimu na uzoefu wa kazi, kipi kinambeba zaidi mfanyabiashara?

Ubishi huu hauishi kwa sababu kila upande unaiona kazi ya mwenzake kuwa rahisi. Aliyesoma anadhani dukani ni kukaa na kusubiri wateja. Aliyekulia dukani anadhani chuoni ni kukariri.

Chukua bati. Geji 28 na geji 30, lipi nene? Mgeni atasema 30, maana namba ni kubwa. Kumbe kwenye geji, namba ikipanda bati linakuwa jembamba. Nimemwona kijana mwenye shahada akiagiza mzigo mzima wa geji 30, akiamini amepata bati gumu kwa bei ya kutupa. Hakuna aliyemwibia. Bei ilikuwa halali kabisa kwa bati jembamba, na saidia fundi yeyote angemwambia hivyo bure.

Sasa geuza. Muuza duka mzoefu ananunua kopo la rangi kwa 10,000 na kuliuza 12,000. Mteja anaomba apunguziwe asilimia 10. Muuzaji anaona ni kumi tu, anakubali. Asilimia 10 ya 12,000 ni 1,200. Faida yake ilikuwa 2,000, sasa imebaki 800. Ametoa zaidi ya nusu ya faida akidhani ametoa sehemu ya kumi. Anaweza kuendelea hivyo miaka mingi, duka limejaa wateja na ada ya watoto haipatikani, na hajui pesa inavujia wapi.

Kwa wanaopenda takwimu: Justin van der Sluis, Mirjam van Praag na Wim Vijverberg walikusanya tafiti nyingi za nchi zinazoendelea na kuchapisha wastani wake mwaka 2005. Kila mwaka mmoja wa ziada wa shule uliendana na ongezeko la kama asilimia 5.5 la kipato cha mwenye biashara. Zidisha kwa miaka minne ya sekondari uone inafika wapi. Lakini huo ni wastani, na wastani haumjui kijana wa geji 30.

Mimi nikibanwa nichague, nachagua uzoefu, kwa sharti: uwe wa biashara ileile unayotaka kufungua, na uwe umeupatia karibu na mahali pesa inapoingia na kutoka. Miaka kumi ya kuajiriwa haigeuki yenyewe kuwa uzoefu wa biashara. Shule nayo ndiyo inayokuwezesha kuuweka uzoefu huo kwenye daftari ukasomeka.

Mbona Bakhresa aliacha shule na ni tajiri?

Hili linaulizwa na vijana wanaotaka ruhusa ya kuacha masomo. Ni kweli Said Salim Bakhresa, mzaliwa wa Zanzibar, aliacha shule akiwa na miaka 14 na kuanzia chini, kwenye biashara ndogo ndogo za chakula. Ila weka pembeni yake watu wengine wawili. Reginald Mengi alisomea uhasibu Uingereza, akafanya kazi kampuni ya ukaguzi wa hesabu ya Coopers & Lybrand na kuiongoza kampuni hiyo hapa Tanzania hadi 1989, ndipo akaelekeza nguvu zake zote kwenye kampuni zake za IPP. Mohammed Dewji alisoma Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani, kisha akarudi kwenye kampuni ya familia.

Watu watatu, milango mitatu. Tazama kila mmoja aliingia na nini. Bakhresa aliingia na miaka mingi ya kujua mtu wa kawaida anakula nini na analipa shilingi ngapi. Baadaye ndipo vikaja viwanda vya unga. Mengi aliingia akiwa ameshafungua vitabu vya hesabu vya kampuni za watu wengine kwa miaka, na anayekagua vitabu anajua biashara zinafia wapi. Dewji aliingia kwenye nyumba ambayo biashara ilikuwa inazungumzwa mezani kila siku, na mtaji ulikuwepo. Hakuna hata mmoja aliyeingia mikono mitupu.

Halafu kuna hesabu tunayoisahau. Kwa kila aliyeacha shule akatajirika, wako wengi walioacha shule na hawakutajirika, na hao hakuna anayewahoji. Aliyezama haitwi kutoa semina.

Nyakati nazo zimebadilika. Ukitaka leo kuiuzia serikali hata karatasi na kalamu, unapita kwenye mfumo wa NeST, ambao umekuwa njia ya ununuzi wa umma tangu 2023. Unahitaji TIN (namba ya mlipakodi), usajili wa BRELA (wakala wa kusajili biashara), leseni na risiti za mashine ya EFD. Asiyesoma anaweza kumlipa mtu amfanyie, sawa, lakini asiyeweza kusoma anachotiliwa saini yuko mikononi mwa huyo aliyemlipa.

Kaka, nimemaliza chuo na ajira hakuna. Nianze biashara moja kwa moja?

Nilifanya hivyo. Sikiliza yaliyonikuta, kisha uamue.

Nilikuwa na mpango mzuri kwenye kompyuta. Vifaranga 300 wa nyama, chakula mifuko kadhaa, chanjo, maranda, mkaa wa kuwapa joto, wiki sita, kisha mauzo. Safu zote zilijumlishwa sawasawa. Nilikuwa nimeweka hata asilimia tano ya vifo, nikajiona mtu makini.

Ambacho safu hazikujua ni kwamba chanjo ya gumboro inataka ubaridi tangu dukani hadi bandani. Mimi niliinunua asubuhi, nikapitia kwa rafiki, nikaitumia jioni. Ilikuwa imekufa kabla ya kuku. Ugonjwa ukaingia wiki ya nne. Waliobaki wakafika wiki ya sita wakati wafugaji wengi nao wanatoa mzigo, madalali wa sokoni wakanipa bei ambayo hata chakula haikurudisha. Nikagoma kuuza. Kugoma ndiko kulikonimaliza, kwa sababu kuku wa nyama akipita wiki ya sita anaendelea kula kama mfungwa lakini uzito hauongezeki kwa kasi ile ya mwanzo. Kila asubuhi nilikuwa namwaga pesa kwenye vyombo vya chakula nikisubiri bei ipande.

Kijana yeyote aliyewahi kuhudumia banda la mtu kwa msimu mmoja angejua mambo hayo matatu. Mimi nilikuwa na stashahada.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba tafuta kwanza kazi kwenye biashara unayoitaka, hata kama mshahara ni wa nauli. Usiite kushuka hadhi. Ada ya chuo ulilipa wewe au mzazi. Huku mtu anakufundisha na bado anakupa hela ya chai. Kama nafasi hiyo haipo kabisa na njaa ipo, anza kidogo sana, kiasi ambacho ukikipoteza hutakimbia mji.

Kazi gani inafundisha biashara zaidi?

Ile inayokukutanisha na bei. Ukiwa stoo unajua mzigo unaotoka haraka na unaolala. Ukiwa kaunta unajua mteja anasita wapi. Ukiwa manunuzi unajua chanzo cha mzigo. Dereva wa kusambaza bidhaa mara nyingi anaijua biashara kuliko meneja, kwa sababu anaingia maduka arobaini kwa siku na kuona rafu za watu wote.

Kwa Kariakoo kuna shule nyingine inayodharauliwa, ya winga. Huyu hana fremu wala mzigo. Anamdaka mteja barabarani, anamtafutia anachotaka kwenye maduka ya wengine, anaweka cha juu chake. Anajifunza mambo mawili ambayo wengi wetu hatuyajui, kusoma uso wa mteja na kujua nani ana nini kwa bei gani leo. Mawinga kadhaa niliowafahamu wana maduka sasa. Wapo pia waliobaki mawinga, na karibu wote waliobaki ni wale ambao hela ya jana hawakuweza kusema imekwenda wapi.

Simenti ilinifundisha zaidi ya darasa la usimamizi wa mzigo. Mfuko una faida nyembamba, lakini unaisha na kununuliwa tena mara nyingi kwa mwezi. Kitasa kizuri kina faida nono, lakini kinaweza kukaa rafuni hadi vumbi likibadilishe rangi. Chuoni niliijua fomula ya mzunguko wa mzigo. Kariakoo niliiona ikilipa kodi ya fremu. Na nilijifunza pia kwamba simenti hailazwi sakafuni, inapandishwa kwenye chaga za mbao, la sivyo inavuta unyevu na unabaki na mawe.

Nikae kwenye ajira muda gani kabla ya kutoka?

Sina namba. Nina dalili. Uko tayari ukiweza kutaja, bila kumuuliza mtu, wauzaji watatu wa jumla wanaokujua kwa jina, bidhaa kumi zinazotoka zaidi na bei zake za kununulia, miezi ambayo biashara hulala, na wateja wanaokopa bila kulipa. Kama hizo unazo baada ya mwaka mmoja, vizuri. Kama baada ya miaka minane huna, tatizo si muda, ni mahali ulipokaa.

Nimefanya kazi dukani kwa mjomba miaka minne bila mshahara wa maana. Nimepata nini?

Inategemea mliagana nini mlipoanza. Vijana wengi wa Kikinga kutoka Makete, mkoani Njombe, wameingia biashara kwa njia hii. Unaletwa mjini na ndugu, unakaa dukani kwake, unakula kwake, na ukiiva anakufungulia lako au anakupa mzigo wa kuanzia. Huo ni mshahara uliocheleweshwa. Unalipwa kwa mkupuo, pamoja na jina lake zuri mbele ya wauzaji wa jumla.

Hilo jina ndilo kubwa kuliko hata pesa. Kariakoo mzigo mwingi hutembea kwa mali kauli, yaani unachukua leo, unauza, unalipa baadaye, na dhamana ni neno lako. Benki inataka hati ya nyumba. Mwenye stoo anataka kujua umetoka mkononi mwa nani. Miaka minne ya kutumwa na mjomba kuchukua mzigo na kurudisha hela kamili ni dhamana ambayo huwezi kuinunua.

Ubaya wa njia hii ni kwamba haiandikwi. Wapo wajomba wanaosema "bado hujaiva" kila mwaka. Mwombe kwa heshima mkae siku moja, na shangazi awepo, mpange mwezi na kiasi. Ukiona anakwepa hata kikao hicho, umeshapata jibu.

Semina za ujasiriamali zina maana, au ni soda na posho?

Nyingi ni soda na posho. Ila suala hili limepimwa vizuri kuliko watu wanavyodhani, na matokeo yake yanavutia.

Hapa Dar es Salaam, watafiti wa Norway, Lars Ivar Berge, Kjetil Bjorvatn na Bertil Tungodden, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, waliwafuatilia wafanyabiashara wadogo waliokuwa wateja wa PRIDE, taasisi ya mikopo midogo. Baadhi kwa bahati nasibu wakapata mafunzo, baadhi ruzuku ya fedha. Matokeo yaliyochapishwa 2015 yalionyesha mafunzo yaliwasaidia sana wanaume, na kwa wanaume hao kilichokuwa kinawabana zaidi kilikuwa ujuzi kuliko fedha. Kwa wanawake mafanikio yalikuwa hafifu. Mimi sishangai. Mama anayefundishwa kupanua biashara kisha akarudi nyumbani kwenye watoto, mgonjwa wa kuuguza na mume anayechukua hela ya droo, amefundishwa kitu ambacho hana nafasi ya kukifanya. Akili anayo. Saa na mamlaka ndivyo hana.

Nenda Nairobi. Mtaani Dandora, Wyatt Brooks, Kevin Donovan na Terence Johnson waliwagawa wanawake wenye biashara changa. Kundi moja likaingia darasani. Jingine likapewa kila mmoja mama mzoefu wa biashara wa mtaa huohuo wa kukaa naye na kuongea. Utafiti huo wa 2018 ulikuta waliokaa na wazoefu faida yao ilipanda kwa wastani wa asilimia 20. Walioingia darasani walianza kuweka kumbukumbu vizuri zaidi, lakini faida haikusogea. Tofauti ilikuwa nini? Mama mzoefu alijua mzigo wa bei nafuu unapatikana wapi wiki hii. Mwalimu wa darasani hakujua. Na mikutano ilipokoma, faida ikaanza kurudi ilikokuwa, kwa kuwa bei za Dandora hazikai tuli.

Kisha Lomé, Togo, wafanyabiashara 1,500. Utafiti uliotoka 2017 ulilinganisha mafunzo ya kawaida ya biashara na mafunzo ya kujenga tabia ya kuanzisha mambo: kujiwekea malengo, kutangulia badala ya kumwiga jirani, kutokata tamaa mambo yakigoma. Haya ya pili yaliongeza faida kwa asilimia 30. Ya kawaida yalitoa asilimia 11, kiasi ambacho watafiti hawakuweza kukitofautisha na bahati.

Kwa hiyo ukialikwa semina, uliza anayefundisha anauza nini. Kama hajawahi kuuza kitu chochote isipokuwa semina, nenda ukanywe soda.

Mimi sikumaliza hata darasa la saba. Hesabu nitaziwezaje?

Unaziweza, maana hesabu za duka ni nne tu: kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya, na simu inazo zote. Kinachokosekana huwa ni utaratibu.

Utafiti mmoja wa Jamhuri ya Dominika, uliochapishwa 2014, ulifundisha kundi moja uhasibu kamili na kundi jingine kanuni chache nyepesi za kutenganisha pesa ya nyumbani na ya biashara. Waliofundishwa kanuni nyepesi ndio waliobadilika. Mimi mhasibu nimelikubali hilo kwa uchungu kidogo, lakini ndivyo ninavyowafundisha watu siku hizi. Mifuko miwili kwenye aproni. Mmoja wa biashara, mmoja wako. Jioni unajilipa posho uliyoipanga kutoka mfuko wa kwanza kwenda wa pili. Usiku ukitaka vocha na mfuko wako hauna kitu, basi huna vocha.

Daftari liwe na safu tatu: kilichoingia, kilichotoka, anayedaiwa. Mama lishe mmoja ninayemfahamu hajui kuandika vizuri. Anachora sahani kwa wali, kikombe kwa chai, na mdaiwa anamchorea kitu chake: kofia, miwani, pikipiki. Daftari lake nimelifunga mwisho wa mwaka bila shida kuliko la kijana mmoja mwenye shahada.

Na kumbukumbu zinalipa kwa shilingi kabisa. Kwa viwango vya kodi ya makadirio vilivyowekwa 2019, mfanyabiashara mwenye mauzo kati ya milioni 4 na milioni 7 kwa mwaka asiye na kumbukumbu alilipa 100,000. Mwenye kumbukumbu alilipa asilimia 3 ya kiasi kinachozidi milioni 4. Ukiwa umeuza milioni 5, hiyo ni 30,000. Daftari la 2,000 limekuokolea 70,000. Viwango hubadilika na bajeti, kwa hiyo ulizia TRA vya mwaka huu.

Najua kazi ya ufundi lakini sina cheti. Nirudi chuo?

Si lazima kuanza upya. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi: fundi aliyejifunzia mtaani anapimwa, anaongezewa pale alipopungukiwa na kupewa cheti. Kinakusaidia unapotaka kazi ya kampuni au ya serikali. Mteja wa nyumba ya vyumba viwili hatakuuliza cheti. Atauliza nyumba ya jirani alijenga nani.

Kuna biashara ambazo uzoefu pekee haunifikishi?

Zipo. Dawa, kwa mfano. Maduka ya Dawa Muhimu, mpango ulioanzia Ruvuma mwaka 2003, yanadai muuzaji awe amepitia mafunzo na duka liwe na kibali. Umeme, uhasibu, uwakili na ukandarasi nazo zina milango yenye funguo za vyeti. Hapo usibishane, kasome au muajiri aliyesoma.

Elimu inasaidia kupata mkopo?

Kwa mlango wa nyuma. Mikopo ya halmashauri ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, haina riba, lakini inataka kikundi kilichosajiliwa na andiko la mradi. Hapo ndipo vikundi vizuri vinapoanguka, kwa andiko lililonakiliwa la kikundi kingine, hadi jina la kijiji cha watu limebaki humo ndani. Mkiwa na binti mmoja aliyemaliza kidato cha nne kwenye kikundi, mpeni uandishi hata kama ni mdogo kuliko wote.

Mama yangu anastaafu ualimu baada ya miaka 33. Uzoefu huo una thamani kwenye biashara?

Una thamani, ila si kwenye biashara yoyote. Shida ya mstaafu ni kwamba pesa inakuja mara moja, na siku inapokuja kila mtu ana wazo. Bajaji mbili, kuku, mashine ya kusaga, fremu ya nguo. Anaingia na mtaji mkubwa kwenye kitu asichowahi kukigusa, na hana mshahara wa mwezi ujao wa kumkinga akikosea. Mimi nilipoteza kuku nikiwa na miaka 24, nikarudi kwa mama nikala. Yeye atarudi kwa nani?

Mwulize kwanza anajua nini kuliko watu wengine mtaani. Mwalimu wa miaka 33 anajua wazazi wananunua nini Januari shule zikifunguliwa, sare ipi inachanika haraka, daftari lipi karatasi zake zinapitisha wino, na mzazi yupi anaahidi na kutimiza. Duka la vifaa vya shule, ushonaji wa sare au twisheni ni vitu alivyo nusu ndani tayari. Na kama ana mwaka mmoja au miwili kabla ya kustaafu, aanze sasa kwa kidogo, akosee kwa pesa ya mshahara. Kiinua mgongo kije kikute biashara iliyokwisha kujifunza kutembea.

Na tafadhali, asinunue bajaji kwa sababu jirani ana bajaji.

Nina miaka 45. Nimechelewa?

Hapana. Marekani, nchi inayosifia vijana kuliko zote, Pierre Azoulay na wenzake walichapisha mwaka 2020 kwamba waanzilishi wa kampuni zilizokua kwa kasi zaidi walikuwa na wastani wa miaka 45 walipoanza, na waliowahi kufanya kazi kwenye sekta hiyohiyo walifaulu zaidi ya wageni.

Biashara yangu ya kwanza imekufa. Hiyo nayo inahesabika kuwa uzoefu?

Inahesabika ukijua imekufa kwa nini. Kwanza jua hauko peke yako. David McKenzie na Anna Luisa Paffhausen walipitia takwimu za nchi 12 zinazoendelea na kukuta takriban nusu ya biashara ndogo hufungwa ndani ya miaka sita. Pili, huko Texas, Marekani, Francine Lafontaine na Kathryn Shaw walifuatilia maduka ya rejareja na kukuta kwamba aliyewahi kufungua duka huko nyuma, duka lake linalofuata hudumu zaidi. Lakini wengi hufungua mara moja tu, hawarudi tena.

Mimi baada ya kuku nilikaa miezi nikisema nimerogwa na bei. Siku nilipokaa na karatasi nikaandika kila senti na tarehe yake, nikaona kuku hawakuniua. Mfu wa kwanza alikuwa chanjo ya joto, wa pili ile wiki ya saba na ya nane ya kugoma kuuza. Karatasi hiyo ninayo. Leo nikiwa na mzigo usiotoka, nauza kwa bei ya kununulia mapema nitoe hela yangu, sigomi tena.

Nikitoka kwa tajiri wangu, ni vibaya kuondoka na wateja wake?

Ujuzi ni wako. Daftari lake la wateja si lako. Mteja akikufuata mwenyewe, mkaribishe. Ukimpigia simu mmoja mmoja ukiwa bado unakula mshahara wa mtu, huo ni wizi, na Kariakoo habari inafika kwa muuzaji wa jumla kabla yako. Mimi nilimwambia tajiri wangu miezi sita kabla. Alinuna wiki nzima. Baadaye ndiye aliyenipa misumari na rangi za kwanza kwa mali kauli, akasema, "Ukinirushia hizi, nimekujua kwa bei ndogo." Nililipa kabla ya tarehe.

Mwanangu nimpeleke shule au nimweke dukani?

Mpeleke shule, na Jumamosi aje dukani. Mtaala mpya ulioanza kutumika 2024 umeleta mkondo wa amali sekondari, kwa hiyo hata huko shuleni ufundi na biashara vinaanza kupewa kiti cha mbele. Ila shule haitamwonyesha baba yake akikosea bei.

Binti yangu wa darasa la tano anahesabu bawaba na skrubu kila Jumamosi na kuandika kwenye daftari lake, si langu. Mwezi uliopita aliniuliza kwa nini tunanunua bawaba 1,800 na kuiuza 1,500. Nikamwambia amekosea kusoma. Akanionyesha risiti ya mzigo wa Machi, kisha karatasi ya bei iliyobandikwa kwenye boksi, mwandiko wangu mwenyewe, wa mwaka jana.